Cheti, Sahihi na Ankara: Historia ya Udanganyifu katika Tiba Inayolipiwa na Fedha za Umma

Utangulizi

Mahindi yanapouzwa sokoni, debe hupimwa mbele ya macho ya mnunuzi, na likipungua yeye hulalamika papo hapo. Tiba haiko hivyo. Mgonjwa hajui kama kipimo alichofanyiwa kilihitajika, wala haoni kinachoandikwa katika fomu baada ya yeye kuondoka. Na pale tiba inapolipiwa na mfuko wa umma, mlipaji naye hamwoni mgonjwa. Anaona karatasi tu. Kati ya hao wawili wasioonana amesimama mtu mmoja mwenye kalamu. Cheti chake kinatangaza kwamba ana ujuzi. Sahihi yake inatangaza kwamba aliloliandika ni kweli.

Katika makala hii tunakusudia kuifuatilia historia ya kalamu hiyo, hasa katika nchi ya Marekani. Hatuichagui Marekani kwa sababu watu wake ni waovu kuliko wengine. Tunaichagua kwa sababu imekuwa na mfuko mkubwa wa umma wa tiba tangu mwaka 1966, na kwa sababu aibu yake imeandikwa hadharani katika kumbukumbu za bunge na za mahakama. Mwishoni tutarudi nyumbani, kwa kuwa hospitali za makanisa yetu nazo huendeshwa kwa sehemu kwa fedha za umma, na wengi wa wasomaji wetu wataketi siku moja katika bodi za hospitali hizo, kama hawajaketi tayari.

Cheti kinachouzwa

Katika miongo ya 1830 na 1840 majimbo mengi ya Marekani yalifuta sheria za leseni za udaktari. Hoja iliyotolewa ilikuwa ya usawa: kwamba leseni ni upendeleo wa wachache, na kwamba mwananchi ana haki ya kujichagulia mtabibu. Basi karibu kila aliyetaka aliweza kujiita daktari, na karatasi yenye muhuri wa chuo ikawa ndiyo alama kuu ya kumtofautisha msomi na mjanja. Alama ikipata thamani, haichelewi kughushiwa. Mwaka 1880, katika mji wa Philadelphia, John Buchanan, mkuu wa chuo cha tiba kilichokuwa na kibali cha sheria, alikamatwa kwa kuuza shahada za udaktari kwa watu ambao hawakusoma. Gazeti la mji huo ndilo lililomfichua. Alijaribu kuponyoka kwa kujifanya amezama mtoni, lakini baadaye alikamatwa tena.

Sisi Walutheri hatuna haja ya kuelezwa kwa kirefu hatari ya karatasi inayouzwa badala ya kitu inachokiwakilisha. Mgogoro wa mwaka 1517 ulianzia hapo. Tutazame tu jinsi jamii ile ilivyojirekebisha. Majimbo yalirudisha leseni moja baada ya jingine. Mwaka 1889, katika shauri la Dent dhidi ya jimbo la West Virginia, Mahakama ya Juu Kabisa ya Marekani ilikubali kwamba jimbo lina haki ya kudai leseni, kwa sababu wagonjwa walio wengi hawawezi kuupima wenyewe ujuzi wa daktari. Mwaka 1910 Abraham Flexner, ambaye hakuwa daktari bali mwalimu, alitoa taarifa yake maarufu baada ya vyuo 155 vya tiba vya Marekani na Kanada kutembelewa. Alionyesha kwamba vingi vilikuwa biashara za walimu wake, bila maabara za kutosha wala wagonjwa wa kufundishia. Katika miaka iliyofuata vyuo vingi vilifungwa.

Haki inatudai tuseme pia kwamba usafishaji huo ulikuwa na gharama. Wakati ule palikuwa na vyuo saba vya tiba vya Wamarekani weusi. Baada ya miaka michache vilisalia viwili tu, Howard na Meharry. Mlango uliofungwa ili kumzuia mwongo uliwazuia pia watu wengi waaminifu. Hata hivyo, kanuni iliyopatikana ni ya kweli: cheti ni ahadi anayopewa mtu asiyeweza kupima mwenyewe. Ndiyo maana kukiuza ni kosa dhidi ya mgonjwa kabla hakijawa kosa dhidi ya serikali.

Mfuko wa umma na sahihi ya daktari

Tarehe 30 Julai 1965, katika mji wa Independence, jimbo la Missouri, Rais Lyndon Johnson alitia sahihi sheria iliyoanzisha Medicare kwa ajili ya wazee na Medicaid kwa ajili ya maskini. Alikwenda huko ili Rais mstaafu Harry Truman, aliyeshindwa kuipata bima ya aina hiyo katika wakati wake, ashuhudie. Chama cha madaktari kilikuwa kimeipinga bima hiyo kwa miaka mingi, kikihofia kwamba serikali itaingia katika chumba cha daktari. Ili kuituliza hofu hiyo, sheria ilitamka mapema kabisa kwamba serikali haitaingilia utendaji wa tiba. Hospitali zililipwa kwa kadiri ya gharama zilizodai kuwa zimetumia. Madaktari walilipwa kwa kadiri ya bei walizozoea kutoza. Na kazi ya kupokea madai na kuyalipa ilikabidhiwa mashirika ya bima.

Ulinzi mkubwa uliobaki ulikuwa sahihi. Daktari alitakiwa kuthibitisha kwa kalamu yake kwamba huduma ilihitajika. Tusiudharau mpango huo. Ulijengwa juu ya imani kwamba mtu aliyesoma, akaapa, akapewa leseni, hatasema uongo kwa ajili ya fedha. Na kwa madaktari walio wengi imani hiyo haikuwa bure. Lakini mfuko uliowaamini wote kwa kiasi kile kile haukuwa na njia ya kumtambua asiyestahili kuaminiwa.

Haikupita miaka kumi kabla matokeo hayajaonekana. Mwaka 1972 Bunge lilipiga marufuku malipo ya kichinichini anayopewa daktari kwa kumpeleka mgonjwa kwenye maabara au hospitali fulani. Mwaka 1976 kamati ndogo ya Seneti iliyoongozwa na Seneta Frank Moss wa Utah ilichunguza zahanati zilizochipuka katika mitaa ya maskini ya New York na miji mingine, zikiishi kwa fedha za Medicaid. Wachunguzi wazima wa afya walikwenda huko wakijifanya wagonjwa, na Seneta mwenyewe alikuwa mmoja wao. Waliona jinsi mgonjwa anavyorushwa kutoka kwa daktari mmoja kwenda kwa mwingine kama mpira wa meza, kila mmoja akiandika ankara yake. Maskini aliyekuja kutafuta dawa ya mafua alitoka akiwa amekuwa chanzo cha mapato kwa watu wanne au watano, na mafua yake anayo bado.

Mwaka huo huo wa 1976 iliundwa ofisi ya Mkaguzi Mkuu katika wizara iliyohusika na afya, na mwaka 1977 sheria mpya iliyafanya malipo ya kichinichini kuwa jinai kubwa na kuyasaidia majimbo kuunda vikosi vya kupambana na udanganyifu katika Medicaid. Mwaka 1983 Medicare ilibadili namna ya kuzilipa hospitali: badala ya kulipa gharama zote, ililipa kiasi maalumu kwa kadiri ya aina ya ugonjwa. Hapo zamani mdanganyifu alirefusha siku za kulazwa. Sasa alijifunza kulipandisha jina la ugonjwa, hata homa ndogo ya mapafu ikaandikwa kuwa ile ya hatari yenye malipo makubwa zaidi. Ua lilihamishwa, na mwizi akahamia kwenye lango jipya. Kalamu iliyofungua malango yote mawili ilikuwa ile ile.

Mashahidi kutoka ndani

Ni nani basi anayeweza kujua kwamba karatasi inasema uongo? Swali hili lilikuwa limeulizwa Marekani miaka mia moja kabla ya Medicare, na halikuulizwa hospitalini bali vitani. Katika vita ya wenyewe kwa wenyewe, wafanyabiashara waliliuzia jeshi farasi wagonjwa na sare zilizochanika upesi. Tarehe 2 Machi 1863 Rais Abraham Lincoln alitia sahihi Sheria ya Madai ya Uongo. Sheria hiyo ilimtoza mdanganyifu mara mbili ya hasara, pamoja na dola 2,000 kwa kila dai. Jambo lake la pekee ni kwamba ilimruhusu raia wa kawaida kufungua shauri kwa niaba ya serikali na kupata nusu ya kitakachorudishwa. Waliotunga sheria walijua kwamba mwenye habari hayuko Washington. Yuko ndani ya ghala.

Mwaka 1943 Bunge liliidhoofisha sheria hiyo, nayo ikawa kama imelala. Mwaka 1986 iliamshwa: malipo yakawa mara tatu ya hasara, na mtoa taarifa akaahidiwa kati ya asilimia 15 na 30 ya kitakachopatikana. Wakati huu uwanja wake mkubwa ukawa tiba. Mwaka 1992 kampuni ya National Health Laboratories ilikubali kulipa dola milioni 111. Ilikuwa imeongeza vipimo visivyoombwa katika fungu la vipimo vya kawaida vya damu, madaktari wakidhani ni vya nyongeza tu, ilhali Medicare ilitozwa kwa kila kimoja. Aliyeufichua mpango huo alikuwa mtu aliyeuza huduma za maabara nyingine, aliyejiuliza wenzake wanapataje faida ile.

Mfano mwingine unatoka katika hospitali ndogo ya jimbo la Montana. Mwaka 1990 kampuni iliyokabidhiwa kuiendesha ilimtaka mhasibu wake aandae vitabu viwili vya hesabu, kimoja cha kuipelekea Medicare na kingine cha kuweka ndani. Alikataa, akafutwa kazi, naye akafungua shauri. Shauri lake likawa miongoni mwa mengi yaliyoifikia kampuni kubwa ya hospitali ya Columbia/HCA, ambayo katika makubaliano ya mwaka 2000 na 2003 ilikubali kulipa kwa jumla takribani dola bilioni 1.7.

Msomaji anaweza kuuliza: shahidi anayelipwa ni shahidi kweli? Swali ni la haki. Lakini tukumbuke kwamba mhasibu yule alikataa kwanza. Fungu la fedha lilikuja miaka mingi baadaye, na katika miaka hiyo alipoteza kazi. Sheria haikuweza kuunda dhamiri yake. Iliweza tu kuhakikisha kwamba dhamiri hiyo ikisema, pana mahali pa kusikilizwa.

Cheti cha kweli, sahihi ya uongo

Matukio mawili ya karne hii yanatuonyesha pande zote mbili za jambo hili. Mwezi Januari 2023 serikali ya Marekani iliwashtaki watu 25 kuhusiana na stashahada za uuguzi zaidi ya 7,600 zilizouzwa kwa kutumia majina ya vyuo vitatu vya Florida. Takribani 2,400 kati ya walionunua walifaulu mtihani wa leseni, na wengi wakaajiriwa kuhudumia wagonjwa. Biashara ya Buchanan ya mwaka 1880 ilikuwa haijafa.

Tukio la pili ni zito zaidi, kwa kuwa ndani yake hapakuwa na cheti cha uongo hata kimoja. Farid Fata alikuwa daktari bingwa wa saratani na magonjwa ya damu katika eneo la Detroit, mwenye leseni halali na wagonjwa wengi waliomwamini. Mwaka 2013 alikamatwa. Mwaka 2014 alikiri makosa. Mwezi Julai 2015 alihukumiwa kifungo cha miaka 45. Aliwapa watu dawa kali za saratani ambazo hawakuzihitaji, na baadhi yao hawakuwa na saratani kabisa. Kisha aliwasilisha ankara kwa Medicare na kwa mashirika ya bima. Serikali ilihesabu wagonjwa 553 walioathirika. Hapa wizi wa fedha na jeraha la mwili havikutengana: ili ankara ipate kuandikwa, sumu ilitiwa katika mishipa ya mtu mzima wa afya.

Kuna jambo katika habari hii ambalo tunaomba msomaji alitafakari. Mwaka 2010 muuguzi mmoja aliyekwenda kuomba kazi katika kituo cha Fata aliona jinsi dawa zilivyotolewa isivyo sahihi, akaandika malalamiko kwa mamlaka ya leseni ya jimbo. Alijibiwa kwamba hapakuonekana kosa. Miaka mitatu ikapita hadi msimamizi wa ofisi ya daktari huyo alipotoa taarifa, na serikali ikatenda. Mamlaka ilikuwa na daktari mwenye vyeti vyote upande mmoja, na muuguzi mwenye macho upande wa pili. Ikaamini vyeti.

Nyumbani kwetu

Je, haya yanatuhusu? Yanatuhusu kwa karibu. Mwaka 1992 Serikali ya Tanzania na makanisa zilitia sahihi mkataba wa maelewano, na Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii ikaundwa, ili hospitali na shule za makanisa zifanye kazi kwa ushirikiano na Serikali. Sheria ya mwaka 1999 ilianzisha Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioanza kazi mwaka 2001, na hospitali za makanisa zikawa miongoni mwa watoa huduma wanaowasilisha fomu za madai. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inalenga kuwaingiza wananchi wote katika utaratibu wa namna hiyo. Kuhusu vyeti, tunakumbuka mwezi Aprili 2017, uhakiki wa Serikali ulipotaja watumishi wa umma 9,932 wa sekta mbalimbali waliokutwa na vyeti vya kughushi.

Nasi hatuandiki haya kama watu waliosimama ng'ambo ya mto. Miaka kadhaa iliyopita tuliketi katika bodi ya hospitali moja ya kanisa. Karani wa madai ya bima, binti aliyekuwa na miaka michache tu kazini, aliomba kuingia kikaoni. Alisema kwa sauti ndogo kwamba fomu zinatiwa sahihi zikiwa tupu, kisha zinajazwa mahudhurio ambayo hayakuwapo, kwa namba za kadi za wagonjwa waliokwisha kurudi makwao. Mganga mfawidhi hakukana. Alieleza kwamba malipo yanachelewa kwa miezi, kwamba madai halali yanakatwa bila maelezo, kwamba watumishi hawajalipwa mishahara. "Tunachukua kilicho chetu," alisema. Wajumbe walitikisa vichwa kwa kukubali. Nusu yetu tulikuwa wachungaji. Hatukusema neno. Kikao kikafungwa kwa sala, na haikuchukua muda karani yule akahamishiwa stoo.

Baadaye wakaguzi walikuja, na hospitali ikakatwa fedha nyingi kuliko zilizokuwa zimeongezwa. Kwa muda mrefu duka la dawa lilikuwa na rafu tupu, na wasio na bima ndio walioumia kwanza. Lakini si hasara hiyo inayotukaa moyoni. Siku moja tulikutana na karani yule kwenye kituo cha mabasi. "Shikamoo, mchungaji," alisema kwa heshima. Tukaitikia, "Marahaba," wala hatukuwa na neno jingine la kumwambia.

Hitimisho

Katika Injili ya Luka, sura ya 16, wakili dhalimu anawaita wadeni wa bwana wake na kumwambia kila mmoja achukue hati yake, aketi upesi, abadili hesabu. Mwenye mali hayupo. Ipo karatasi tu. Naye Martin Luther, alipoifafanua amri ya saba katika Katekisimu Kubwa ya mwaka 1529, hakuishia kwa mwizi anayevunja nyumba. Alitaja pia mtumishi asiye mwaminifu na mfanyabiashara anayedanganya kwa vipimo, akiwahesabu walioketi kwa heshima kuwa wezi wakubwa zaidi. Fomu ya madai iko katika ukoo huo, na ndani yake amri mbili zinavunjwa kwa pamoja: ile ya kutoiba na ile ya kutoshuhudia uongo.

Historia tuliyoipitia haikubali kwamba vyeti peke yake vinatosha, wala kwamba wakaguzi peke yao wanatosha. Buchanan alikuwa na muhuri halali. Fata alikuwa na leseni halali. Mara nyingi uongo ulikoma pale mtu wa cheo cha chini aliposema, na mtu mwenye mamlaka akakubali kusikiliza. Palipokosekana wa kusikiliza, kama Detroit mwaka 2010, wagonjwa ndio waliolipa.

Kwa hiyo basi, mchungaji anayeketi katika bodi ya hospitali ana wajibu usiohitaji shahada ya udaktari. Aulize kama vyeti vya kila mwajiriwa vimehakikiwa na chuo na baraza lililovitoa. Akatae kabisa fomu inayotiwa sahihi ikiwa tupu. Adai kwamba mgonjwa asomewe kilichoandikwa kwa jina lake kabla hajaondoka. Mfuko ukichelewesha malipo, au ukikata madai ya haki, bodi iandike, ilalamike, ipande hadi kwa waziri na ikibidi mahakamani, kwa jina lake na mchana kweupe. Deni halisi halilipwi kwa mgonjwa wa kubuni. Na karani akija kikaoni na neno gumu, neno hilo liingie katika kumbukumbu za kikao kama alivyolisema, naye arudi katika meza yake ile ile, chini ya ulinzi wa bodi. Sisi tulipata nafasi hiyo mara moja, tukaiacha ipite. Wanafunzi wetu wataipata pia.